Cheni Ililia Wiki Tatu, Nami Nikanyamaza



Mwezi huu sitazungumzia chanjo wala uji wa lishe. Nataka tutoke jikoni kidogo, twende pale nje ukutani ambapo Baba watoto huegesha pikipiki yake. Najua wapo watakaosema, "Muuguzi wetu leo ameishiwa ya kuandika." Subirini kwanza niwaeleze yaliyotupata.

Mume wangu ni mwinjilisti. Mitaa anayoihudumia imetawanyika milimani, na ule wa mbali kabisa uko kilomita 46 kutoka nyumbani. Kwa miaka mingi pikipiki ndiyo miguu yake. Imempeleka ibadani na misibani, imenibeba mimi kwenda kliniki za vijijini, na imewabeba watoto wetu usiku wakiwa na homa.

Mwezi wa tatu mwaka 2019 nilianza kusikia mlio mpya. Kila alipoondoka asubuhi, upande wa nyuma ulitoa sauti kama ya mtu anayetafuna mchanga. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kusikiliza. Mtoto akikohoa mlangoni, mara nyingi hujua kifua kimebana kabla sijamgusa. Lakini mlio ule niliusikia kwa wiki tatu nikanyamaza, maana nilijiambia kuwa pikipiki ni mambo ya wanaume. Mume wangu naye aliusikia akaahirisha, kwa kuwa kila Jumamosi palikuwa na msiba au harusi.

Ijumaa moja jioni, akirudi kutoka kwenye mazishi, cheni ilichomoka akiwa anateremka mlima. Ikajisokota kwenye sproketi, gurudumu la nyuma likakwama ghafla, naye akatupwa kando ya barabara. Walimleta kwa gari lililobeba mkaa. Mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya shingo kuelekea begani, ulikuwa umevunjika. Mkono mzima ulikuwa umechunika. Kofia ngumu ilikuwa na ufa, lakini kichwa kilikuwa salama. Nilimsafisha vidonda mimi mwenyewe nikiwa nimekaza uso kama tulivyofundishwa, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kilichonichoma zaidi ni maneno ya fundi. Alinionyesha meno ya sproketi yalivyolika yakawa makali na kupinda kama ndoana. Akaishika cheni iliyokauka, nyekundu kwa kutu. "Mama," akaniuliza, "hii imelia siku nyingi. Hamkuisikia?"

Nilikosa jibu.

SI KAZI YA MWANAMKE?

Mkono wa mume wangu ulikaa wiki sita ukining'inia kwenye kitambaa shingoni. Katika wiki hizo nilimwomba fundi anifundishe. Nilikwenda gereji Jumamosi tatu na daftari langu, kama mwanafunzi. Majirani walicheka. Mume wangu mwenyewe hakufurahi mwanzoni. "Mama watoto," aliniambia, "watu watasema mwinjilisti amemgeuza mkewe kuwa fundi." Nikamjibu, "Afadhali waseme hivyo kuliko waje kunipa pole."

Tena si jambo jipya chini ya jua. Mwezi Desemba 1934 wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki moja aina ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Walivuka jangwa la Sahara, wakapita katikati ya Afrika, na mwezi Julai 1935 wakafika Cape Town. Injini iliwaharibikia njiani na ikabidi itengenezwe upya Agadez, katika nchi ya Niger. Wallach alikuwa amesomea uhandisi. Kama wao waliweza kushika spana jangwani, wewe na mimi hatushindwi kukagua cheni uani kwetu.

Neno moja la hekima kabla hatujaanza. Usiuchukue ujuzi huu ukaufanya fimbo ya kumpigia mumeo. Usimsimamie ukimwambia, "Huoni cheni imelegea?" mbele ya wageni. Mwambie, "Baba, njoo tuangalie pamoja kabla hujaondoka." Sisi tulichagua Jumamosi asubuhi, baada ya chai. Yeye hushika tochi, mimi hushika spana, siku nyingine tunabadilishana. Mambo mengi ya nyumba yetu tumeyazungumzia pale, tukiwa tumechuchumaa kando ya gurudumu.

UKAGUZI WA DAKIKA KUMI NA TANO

Pikipiki yetu ni ya cc 125, ya kawaida, ile ambayo petroli haichanganywi na oili. Vipimo vya pikipiki yako vimeandikwa katika kitabu chake, na vingine kwenye kibandiko kilicho karibu na cheni. Kitabu hicho kitunzeni pamoja na vyeti vya watoto. Zima injini, ondoa ufunguo, kisha fuata mpango huu.

1. Oili. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare. Kama ilikuwa inawaka, izime na usubiri dakika chache ili oili ishuke. Aina nyingine zina kidirisha cha kioo, nyingine zina kijiti cha kupimia. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kuwasha. Tumia oili ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA kwenye kopo. Katika pikipiki nyingi klachi huogelea katika oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze.

2. Tairi na spoki. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa maana likishatembea upepo hupanda na kipimo kinadanganya. Fuata namba za kibandiko, na ukumbuke kuwa mara nyingi namba ya mtu mmoja si sawa na ya watu wawili wenye mzigo. Tafuta misumari, nyufa na mahali palipovimba. Kisha chukua spana ndogo ugonge kila spoki polepole. Hapa nilicheka, kwa kuwa ndivyo tunavyogonga kifua cha mgonjwa kwa vidole. Spoki iliyokaza hulia kwa sauti nyembamba, na iliyolegea husikika butu. Ukisikia butu, mwite fundi aikaze, kwa sababu kukaza ovyo hupindisha rimu.

3. Cheni. Nasema tena kwa herufi kubwa moyoni mwangu: injini iwe imezimwa. Wapo wanaosafisha cheni gurudumu likizungushwa na injini, kitambaa mkononi. Cheni huvuta kitambaa, kitambaa huvuta vidole. Vidole vilivyokatika kwa namna hiyo nimevifunga bandeji mimi, na havikurudi.

Weka pikipiki kwenye stendi ya kati na uzungushe gurudumu kwa mkono. Sukuma cheni juu na chini katikati ya sehemu yake ya chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo hucheza kati ya sentimita 2 na 3, na za njia mbaya zinaweza kuhitaji zaidi, kwa hiyo angalia kitabu. Pima mahali mbalimbali, ukichukua pale inapokaza zaidi. Iliyolegea huchomoka, na iliyokaza mno huua beringi na kukatika. Kurekebisha, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha skrubu za kurekebishia kwa kiasi kilekile kushoto na kulia, ukilinganisha alama za pande zote mbili ili gurudumu lisikae upande. Kaza nati, rudisha pini yake, upime tena, kisha angalia kama breki ya nyuma haijabadilika.

Kuisafisha, tumia brashi na mafuta ya taa, ifute ikauke, kisha ipake oili ya gia upande wa ndani huku ukizungusha gurudumu. Futa inayozidi, maana oili nyingi hukusanya vumbi. Angalia pia kilipu ya kiungo cha cheni, kama ipo. Upande wake uliofungwa ndio utangulie kule cheni inakoelekea, na ule ulio wazi ufuate nyuma. Ikiwekwa kinyume inaweza kuchomolewa na jiwe au kijiti. Na meno ya sproketi yakipinda kama ndoana, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya kwenye meno mabovu haichukui muda kuharibika.

4. Breki. Kanyaga na ubane, usikie kama zinashika mapema au zinakwenda mbali. Breki ya ngoma ina nati ya kurekebishia mwishoni mwa fimbo au waya wake, na nyingi zina mshale unaoonyesha kama shuu zimekwisha. Breki ya diski ina kikopo cha maji ya breki, nayo yasiwe chini ya alama. Maji hayo hula rangi, kwa hiyo yasidondokee tanki. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo. Katika shuu za zamani huenda kuna asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

5. Taa, waya na nati. Washa taa zote, pamoja na ile ya breki. Vuta waya wa klachi na wa mafuta uone kama nyuzi zake zimeanza kukatika karibu na mkono. Mwisho, pitia nati na bolti kwa macho na kwa spana, hasa za magurudumu, usukani na bomba la moshi.

Mara moja kwa mwezi tunafungua plagi injini ikiwa baridi. Ncha yenye rangi ya kahawia ni dalili ya afya. Nyeusi yenye masizi huonyesha kuwa mafuta yanazidi au kichujio cha hewa kimeziba. Nyeusi yenye oili mbichi ni kazi ya fundi. Unaporudisha plagi, anza kuizungusha kwa vidole. Ikikataa, itoe uanze tena, usiilazimishe kwa spana, maana utaharibu nyuzi za injini na gharama yake ni kubwa.

KUBADILISHA OILI

Kazi hii ilinitisha, kumbe ni rahisi. Kwa vumbi la kwetu tunabadilisha kila baada ya kilomita 2,000. Washa injini dakika mbili tatu ili oili ipate joto jepesi, kisha zima. Weka karai chini, fungua bolti ya kumwagia, acha oili itoke yote. Futa bolti, weka wosha mpya, irudishe kwa mkono kwanza kisha ikaze kwa kiasi. Nyumba ya injini ni ya aluminiamu, nayo ni laini, ukitumia nguvu zote utaikata nyuzi. Mimina oili mpya kwa kipimo cha kitabu. Washa dakika moja, zima, subiri, pima tena, na uchungulie chini kama haivuji.

Vaa glavu, kwani oili iliyotumika haifai kukaa kwenye ngozi, nayo ikizoeleka miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ngozi. Usinawe kwa petroli. Tumia sabuni ya kipande na sukari kidogo ya kusugulia. Oili chafu iwekwe kwenye dumu na kurudishwa gereji. Isimwagwe karibu na kisima, na tafadhali, isipakwe kwenye kidonda cha mtoto wala cha ng'ombe.

WATOTO NA PIKIPIKI ILIYOSIMAMA

Hapa nazungumza kama muuguzi zaidi. Si kila jeraha la pikipiki hutokea barabarani.

Petroli na mafuta ya taa visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto haoni petroli, anaona soda. Akinywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Anapotapika, petroli huweza kuingia katika mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mvue nguo zilizolowa, ondoa aliyomwagikiwa kwa sabuni na maji, mkimbize hospitali, na uichukue ile chupa uwaonyeshe.

Bomba la moshi hubaki na moto muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Egesha pikipiki bomba likielekea ukutani. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli, yai wala asali. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya.

Usiwashe injini ndani ya nyumba au stoo iliyofungwa, hata kwa dakika chache. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu waliolala bila hata kuwaamsha.

Na kofia ngumu. Uchunguzi wa tafiti nyingi uliokusanywa na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 kwa waendeshao wanaopata ajali. Lakini kofia isiyofungwa mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na kofia iliyokwisha kugonga chini haifai tena, hata kama unaiona nzima. Ile ya mume wangu yenye ufa tumeitundika ukutani sebuleni. Wageni wakiuliza, tunapata nafasi ya kumshukuru Mungu.

YA KUMWACHIA FUNDI

Ujuzi wa kweli hujua mpaka wake. Nyumbani natoa dawa ya minyoo, sifanyi upasuaji. Vivyo hivyo, kupima vali, kubadilisha beringi za magurudumu na usukani, kufungua mfumo wa maji ya breki, na matatizo ya umeme, hayo yote tunampelekea fundi. Pikipiki za siku hizi zisizo na kabureta zina kompyuta ndogo ndani, na hizo zinahitaji fundi mwenye vifaa vyake. Tofauti ni kwamba sasa tukienda gereji tunajua tunachosema. Hatuambiwi tena "badilisha injini" wakati tatizo ni plagi.

SAFARI YETU

Mwezi Desemba mwaka huohuo wa 2019, mkono wake ukiwa umepona, tulialikwa harusi Songea. Kutoka Njombe ni karibu kilomita 240. Dada zangu walinisihi nipande basi. Nilitafakari sana, nikaomba, kisha nikamwambia mume wangu, "Nitapanda nyuma yako, lakini mizigo naifunga mimi."

Mizigo mizito tuliiweka chini na karibu na katikati, si juu kabisa nyuma ya taa, kwa sababu mzigo wa nyuma huinua gurudumu la mbele na usukani huwa mwepesi. Kila kamba niliikagua isije ikaangukia kwenye cheni. Chini ya kiti tulibeba spana, plaizi, bisibisi, plagi moja, kilipu ya cheni, tyubu, pampu na waya wa kufungia. Nami nikaongeza bandeji, glavu na kitambaa cha pembetatu. Tulisimama kila baada ya saa moja na nusu, kwani dereva aliyechoka ni hatari kuliko tairi lililochoka.

Tulipokuwa tumepita nusu ya safari tulisimama chini ya mti kunywa chai ya chupa. Kwa mazoea niligonga spoki, ya saba ikajibu butu. Mume wangu aliinama, akagonga mwenyewe, akanitazama. Hakusema neno. Tulitembea taratibu hadi gereji ya kwanza njiani, fundi akaikaza kwa dakika tano, tukafika Songea kabla ya jua kuzama. Usiku ule, mbele ya wakwe zake, nilimsikia akisema, "Mimi nina muuguzi wa watu na wa pikipiki." Wapendwa, sifa hiyo naithamini kuliko kitenge kipya.

Sote tunaujua mfano wa wanawali kumi katika Mathayo sura ya 25. Wote kumi walikuwa na taa, na wote walitoka kwenda kumlaki bwana arusi. Waliotofautiana ni katika kujiandaa na mafuta kabla saa haijafika. Zamani nilimwombea mume wangu kila asubuhi anapoondoka, na sijaacha. Lakini siku hizi, kabla sijafumba macho kuomba, ninafumbua macho kuangalia.

Jumamosi hii, mama, baada ya chai, chukua kitambaa kikuukuu na brashi. Mwite Baba watoto. Sikilizeni cheni yenu pamoja. Na kama kuna mlio wowote nyumbani mwako, uwe wa pikipiki, wa kifua cha mtoto, au wa moyo wa mumeo, ambao umeusikia ukanyamaza, usiungoje wiki ya tatu.

Mungu azibariki nyumba zenu na safari zenu. Tuonane mwezi ujao.